Matusi ya Spika, Radhi ya Kunong'ona

Wajukuu zangu, na ninyi vijana wa Katesh mnaokodisha spika zenye taa za rangi zinazowaka kama duka la simu, nisikilizeni kidogo wakati bado naweza kujisikia mwenyewe. Mimi ni Fundi Idi. Kabla masikio hayajagoma, mimi ndiye niliyekuwa nafunga vipaza sauti kwenye mikutano ya kampeni, kuanzia Mbulu mjini na baridi lao, kupitia Dongobesh, hadi Basotu kule ziwani. Vyama vyote vimenikodi. Nimewafungia spika walioshinda, walioshindwa, na mmoja ambaye hadi siku ya kura sikuwa na hakika kama anajua anagombea nini. Mke wangu anasema masikio yangu yaliharibiwa na honi za vipaza sauti. Mimi nasema yaliharibiwa na ahadi.

Kazi yenyewe si ngumu ukishaielewa. Jenereta iweke mbali, upande ambao upepo unaelekea, ili kelele na moshi viende kwa wenyewe huko porini. Honi zielekeze juu ya vichwa vya watu, usizielekeze usoni kwao, maana mzee aliyepigwa na sauti usoni hakumbuki sera, anakumbuka maumivu. Maiki isikae mbele ya honi hata siku moja. Na upepo wa uwanda wa Hanang haujali chama cha mtu, kwa hiyo maiki ivalishe soksi. Iwe soksi safi. Nasisitiza usafi kwa sababu niliwahi kutumia ya kwangu, nikaivua palepale mguuni, na mgombea akahutubia mkutano mzima akiwa amegeuza uso pembeni. Watu walidhani ana madaha.

Sheria ya mwisho: usimpe maiki mtu anayesema anaomba dakika moja tu.

Lakini leo sikuwaitia habari za waya. Nataka kuwasimulia habari za Mwalimu Safari.

Mwalimu Safari alikuwa mwalimu mstaafu, Mwiraqw wa upande wa Mbulu, mpole, aliyefundisha nusu ya watu wa wilaya zetu kusoma na kuandika. Pamoja na jina lake, kusafiri hakukuweza. Gari likipiga kona mbili tu, yeye tayari anatafuta dirisha. Kwa nini mtu wa namna hiyo aligombea ubunge kwenye jimbo lenye barabara kama zetu, mimi sijui, lakini aligombea, na mimi nikakodiwa kumfungia spika kampeni nzima.

Meneja wake wa kampeni aliitwa Bura. Huyu zamani alikuwa anauza mitumba minadani, na alikuwa na koo la ajabu. Angeweza kukuuzia koti la baridi saa saba mchana jua linawaka, ukalivaa ukamshukuru. Kazi yake ilikuwa kupanda jukwaani kabla ya mgombea na kuwachangamsha watu, na walichangamka kweli. Tatizo la Bura ni kwamba alikuwa ameshagundua njia fupi ya kuwachangamsha. Alikuwa anawatafutia mtu wa kumcheka.

Mpinzani wetu katika uchaguzi ule alizaliwa na mama Mbarabaig, wale wafugaji wa uwandani. Mtu mwenyewe alivaa suti, alisoma mjini, na sidhani kama angeweza kukamua hata mbuzi. Lakini Bura alishika hapo hapo. Kila mkutano ilikuwa ni watu wa mikuki, watu wa ngozi, na lile jina Mang'ati, ambalo wenyewe hawajajipa na hawalipendi, maana wanajua aliyewapa alikuwa na maana ya adui. Huko kwenye vijiji vya wakulima watu walicheka. Mwalimu Safari alikuwa anakaa kwenye kiti chake cha plastiki akisoma karatasi ya hotuba, kana kwamba hotuba hiyo haikuandikwa na yeye mwenyewe.

Tukafika Basotu.

Kama hamjafika Basotu, pale watu wamechanganyika. Kuna wavuvi wa ziwani, kuna wakulima, kuna wanaotafuta vibarua kwenye mashamba ya ngano, na kuna Wabarabaig wanaoleta ng'ombe na maziwa. Mimi mwenyewe nina mteja wangu pale, au tuseme mimi ndiye mteja wake: Mama Gidahoda, mwanamke wa Kibarabaig, mrefu, mwenye bangili za shaba hadi karibu na kiwiko, anayeuza maziwa kwa dumu na kibuyu. Kwa miaka yote nimenunua maziwa kwake, na kwa miaka yote hajawahi kuniita jina langu. Ananiita Mwenye Kelele.

Siku ile alikuwa amesimama na dumu lake pembeni mwa uwanja, kama kawaida yake, akisubiri mkutano uishe ili watu wenye kiu wanunue. Nilipokuwa navuta waya alinipita akasema, "Mwenye Kelele, leo umeleta nani?"

"Mwalimu Safari, mama."

"Huyo mwalimu alimfundisha mwanangu. Basi leo nitasikiliza."

Natamani angeondoka.

Bura akapanda. Akaanza na nyimbo, akaja kwenye vichekesho, halafu nikamwona anavuta pumzi kwa namna ninayoijua. Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe cha sauti.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu Mzee Amnaay, aliyenifundisha kazi. Mzee Amnaay alikuwa fundi wa Mbulu mjini, mtu wa koti zito na maneno machache. Sikuwahi kumwona akibishana na mwanasiasa. Lakini alikuwa na dawa yake. Msemaji akianza kutukana watu, mzee anaongeza sauti ghafla, anaisogeza honi kidogo kwa mguu, na maiki inapiga mluzi, ule mluzi mkali unaopasua meno, mpaka neno baya linapita bila kusikika. Kisha anasimama anakung'uta amplifaya kwa sura ya huzuni kama daktari aliyepoteza mgonjwa. Wanasiasa walimwita fundi mbovu hadi alipozeeka. Yeye alikuwa anajibu, "Ndiyo mheshimiwa, vifaa vimechoka."

Nikatumia dawa hiyo. Bura alipolifikia neno lake, nikaachia mluzi. Watu wakaziba masikio. Mbwa wakakimbia.

Bura hakuwa mtu wa kupotezwa na mluzi. Alisubiri uishe, akatabasamu, akasema, "Mnaona? Hata spika inaogopa kuwataja hao! Lakini ninyi mnajua ninaowasema! Ni akina nani?"

Na watu wakalitaja neno wenyewe, kwa pamoja, kwa sauti kubwa kuliko honi zangu zote. Siku hiyo nilijua dawa ya Mzee Amnaay ina mwisho wake. Unaweza kuizima maiki, huwezi kuuzima mkutano. Mkutano unamwangalia mtu mmoja tu, yule ambaye picha yake imebandikwa mbele ya gari.

Vijana wawili watatu waliokuwa karibu na Mama Gidahoda wakageuka wakamwona. Mmoja akasema kitu, mwenzake akacheka, na yule wa kwanza akalipiga teke lile dumu. Likaanguka. Mfuniko ukaruka, na maziwa ya asubuhi nzima yakaenda kwenye vumbi.

Mama Gidahoda hakupiga kelele. Hakuwatazama hata wale vijana. Aliinama, akaliokota dumu lake, akasimama akiwa amelishika tupu, akatazama jukwaani. Alikuwa anamtazama Mwalimu Safari. Na nusu ya uwanja, walipoona anatazama wapi, nao wakageuka wakatazama huko huko.

Mwalimu aliona. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake, najua kwamba aliona. Aliteremsha macho kwenye karatasi yake. Kisha zamu yake ikafika, akasimama, akamshukuru meneja wake "kwa kutuchangamsha," akaanza kusoma habari za visima.

Wakati wa kurudi Katesh nilipanda gari lake. Bura alikuwa kwenye pikapu ya mbele na wapiga ngoma. Tulipofika kwenye zile kona, mwalimu akaomba gari lisimame, akashuka, akafanya mambo yake kando ya barabara, akarudi anajifuta mdomo kwa leso.

"Fundi," akaniambia, "leo maiki ililia sana. Ilikuwa na nini?"

"Ilitapika, Mwalimu. Kama wewe tu. Ilikula kitu kibaya."

Dereva alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Tukapita shamba zima la ngano.

"Lakini mimi sikusema lile neno," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mwalimu. Wewe hukusema neno lolote."

Sikuongeza. Mimi ni mtu wa spika, na mtu wa spika akizungumza sana anafukuzwa kazi.

Keshoye asubuhi alikuja dukani kwangu Katesh peke yake, bila bendera, bila Bura. Alikuwa amebeba dumu jipya la plastiki na kilo za sukari kwenye mfuko. Akanisalimia, akasimama pale akigusagusa waya zangu kama mteja asiyejua anataka nini.

"Unapajua kwa yule mama wa maziwa?"

Nikamwambia napajua. Tukaenda.

Kwa Mama Gidahoda ni mbali kidogo na ziwa, kwenye boma la miiba na nyumba ya udongo. Tulimkuta mume wake amekaa nje, mzee sana. Mimi nikatoa shikamoo, na mwalimu, ambaye naye anapewa shikamoo na wilaya nzima, akatoa shikamoo yake kwa heshima kabisa. Mzee akaitikia marahaba, akatutazama, akarudi kwenye mawazo yake. Mama Gidahoda akatoka. Kabla ya neno lolote alituletea maziwa kwenye vikombe, maana kwao mgeni ni mgeni hata kama jana watu wake walikumwagia mali yako. Tukanywa. Kusema kweli yalikuwa mazuri, na nadhani uzuri ule ulimwuma mwalimu zaidi.

Mwalimu akaanza kuomba radhi. Aliomba vizuri. Alikuwa ameinamisha kichwa na kushika mikono pamoja, akizungumza taratibu, kwa sauti ya chini ya mtu aliyelelewa. Alisema amesikitika sana, akasema vijana hawana adabu, akasema Bura alipitiliza. Akasogeza lile dumu jipya na sukari.

Mama Gidahoda alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalisogeza dumu kurudi lilikotoka.

"Dumu ninalo," akasema. "Lile lile. Halikutoboka."

"Mama, nimekuja kukuomba..."

"Nimesikia ulichokuja kuomba. Mwalimu, mimi nilitukanwa kwa spika za huyu." Akaninyooshea kidole, na mimi nikatazama kikombe changu. "Hata samaki wa ziwani walisikia. Leo umekuja kuniomba radhi kwa kunong'ona, kama mtu anayeazima chumvi kwa jirani. Nani atajua kwamba umeniomba? Hawa mbuzi?"

Mwalimu akajaribu. "Mama, siasa ina mambo yake. Nikisimama nikasema hadharani, nitapoteza watu wengi. Wananisubiri nikosee tu."

"Watu gani?"

"Wapiga kura."

"Waliomwaga maziwa?"

Mwalimu akakizungusha kikombe mkononi.

"Basi kaa nao hao," akasema Mama Gidahoda, akachukua vikombe. Alikuwa hana hasira, na hilo ndilo lililotisha. Ungedhani anafunga biashara na mteja aliyeshindwa bei. Tulipokuwa tunatoka mume wake akatuaga vizuri sana, kwa baraka, kwa Kibarabaig, na mimi ninayekielewa kidogo nilisikia ametutakia mvua. Tulirudi na dumu letu jipya na sukari yetu. Sukari iliishia kwenye chai ya wapiga ngoma.

Mkutano uliofuata ulikuwa Gitting. Gitting ni kwa wakulima, kwa watu wa mwalimu hasa, wengi wao Wairaqw, na wengine wamefundishwa na yeye. Kama kuna mahali alipotarajia kura bila jasho, ni pale. Wakati nafunga honi, Bura alinifuata nyuma ya gari.

"Nasikia mmekwenda kumbembeleza yule mama."

"Tulikwenda kunywa maziwa," nikamjibu.

"Fundi, wewe ni mtu wa mjini, usijifanye hujui. Ule ni utani tu. Makabila yote yanataniana."

Sasa hapo, wajukuu zangu, mnisikilize vizuri kuliko kwenye habari za soksi. Mimi utani naujua. Baba yangu alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, alikuja Katesh na marobota ya kanga, mama yangu Mnyaturu, nami nimezaliwa hapa, kwa hiyo nimetaniwa na kila aliyepita na ng'ombe au bila ng'ombe. Watani wa baba walikuwa wanaingia dukani wanamtukana mbele yetu mpaka tunajificha, na yeye anawarudishia mara mbili, na wote wanacheka hadi machozi. Baba alipofariki, wao ndio waliofika wa kwanza, wakabeba jeneza, na wakamtania humo humo ndani ya jeneza. Utani ni maneno ya watu wawili, na kila mmoja ana zamu ya kujibu. Lakini ukipanda jukwaani na maiki, na yule unayemsema amesimama chini na dumu, anajibu kwa kutumia nini? Nikamwambia Bura, utani unahitaji maiki mbili, na mimi hapa nimeleta moja tu. Akacheka akanipiga begani, akapanda kufanya kazi yake.

Alikuwa kwenye hali nzuri sana siku ile. Nyimbo, vichekesho, halafu ile pumzi. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe. Akasema, "Ndugu zangu wa Gitting, hivi kweli tumpe kiti mtoto wa wale watu wa..."

Nikaona Mwalimu Safari anasimama.

Haikuwa zamu yake. Alikwenda polepole hadi mbele, akanyoosha mkono. Bura alidhani mzee amenogewa na anataka kumpongeza, akamkumbatia kabisa, akampa maiki mbele ya watu, na watu wakapiga vigelegele.

Mwalimu akasubiri vigelegele viishe. Niliiona karatasi yake ya hotuba imebaki kitini.

"Nimemkatiza meneja wangu," akasema, "kwa sababu anayoyasema anayasema kwa jina langu. Picha iliyobandikwa kwenye gari ni yangu, siyo yake. Juzi Basotu, watu wetu walimwaga maziwa ya mama mmoja wa Kibarabaig baada ya kusikia maneno ya jukwaa hili. Mimi nilikuwa nimekaa. Niliona. Nikajifanya nasoma. Leo nasema mbele yenu: sitaki kura ya mtu anayenipa kwa sababu anamchukia jirani yake. Kama unayo ya namna hiyo, mpe mwingine."

Nimesikia ukimya mwingi kwenye kazi yangu. Jenereta ikikata, kuna ukimya. Mgombea akitaja kodi, kuna ukimya. Lakini ule wa Gitting ulikuwa na uzito wake. Kisha mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Amenunuliwa!" Mwingine, "Shuka!" Gunzi la mahindi likapaa likagonga honi yangu, mlio mmoja mzuri kama kengele ya kanisa.

Halafu bibi mmoja akasimama mbele kabisa. Bibi wa Kiiraqw, amejifunga shuka lake, mfupi, na sauti inayokata.

"Mwalimu, shikamoo."

Mwalimu akachanganyikiwa, maana bibi alikuwa anamzidi umri. "Shikamoo wewe, bibi."

"Mimi nimekupa heshima ya ualimu. Sasa nijibu. Ng'ombe wao waliingia shambani kwangu wakala mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele. Sikuvuna. Wajukuu walilala njaa. Hao ndio majirani unaotaka niwapende?"

Watu wakamshangilia. Nami nilidhani mwalimu amekwisha. Lile lilikuwa swali la kweli, siyo matusi ya Bura.

"Bibi, unayo haki ya mahindi yako yote," akasema mwalimu. "Lakini niambie, ng'ombe walikuwa wa nani?"

"Wa wale."

"Wa nani kati yao?"

Bibi akafikiri. "Nilisikia ni wa mtu mmoja anayekaa kule bondeni, ana jicho bovu."

"Huyo ana jina. Kabila halifugi ng'ombe, bibi. Ng'ombe wana mwenyewe. Nikichaguliwa au nisipochaguliwa, nitakwenda na wewe barazani, tukamtaje yeye kwa jina lake, akulipe mahindi yako. Lakini tukisema ni wao wote, yule mwenye jicho bovu anajificha nyuma ya wenzake, na wewe hulipwi hata debe. Na mama mwingine kule Basotu, ambaye hajawahi kuliona shamba lako, anamwagiwa maziwa."

Bibi akakaza shuka lake. "Twende lini?" akauliza.

"Jumatatu."

"Nitakusubiri njiani. Usiniletee habari za gari kukutapisha."

Watu wakacheka, lakini siyo wote. Wengi waliondoka kabla mwalimu hajamaliza. Bura aliondoka na pikapu, wapiga ngoma na bendera nyingi, na tukabaki na gari moja na honi mbili. Jumatatu mwalimu alikwenda barazani kweli, na yule mwenye jicho bovu akalipa, huku akilalamika. Na wiki haikuisha kabla hatujasikia kwamba Bura yuko jukwaani kwa mpinzani, anawasifu Wabarabaig kwa ushujaa, anasema Wairaqw ni wavivu wanaojua kula ugali tu. Mpinzani amekaa kwenye kiti cha plastiki, anasoma karatasi. Kwa hiyo msije mkadhani ugonjwa huu ni wa upande mmoja.

Basotu tulirudi siku ya mnada, watu wamejaa. Mwalimu aliomba radhi kwa spika, na mimi nilifungua sauti mpaka mwisho. Alimtaja Mama Gidahoda, akataja maziwa, akataja kimya chake mwenyewe. Alipomaliza nikavuta waya hadi alipo mama nikampa maiki, ajibu. Aliishika mbali na mwili kama mtu aliyeshika mjusi.

"Nimesikia," akasema. "Leo sauti imetosha. Mwenye Kelele, sasa punguza, ng'ombe wanashtuka."

Mkidhani Wabarabaig walimpa kura kwa hilo, mmekosea. Walimpa mtoto wa dada yao, kama ambavyo wengine wangempa wa kwao. Na Gitting alipoteza nyingi. Mwalimu Safari alishindwa, na hakushindwa kidogo.

Ninyi mtakaogombea siku moja, na mpo hapa wawili ambao nawaona tayari mnatembea kama wabunge, msinijie kusema kwamba waliowatukana watu ni wapambe wenu, au kundi la WhatsApp, au mtu asiyejulikana. Aliyesimama mbele ndiye anayesikilizwa. Fundi anaweza kukupigia mluzi, hawezi kukusemea.

Asubuhi matokeo yalipotangazwa nilikuwa Katesh, nimeshafungasha vitu vyangu. Watu wa mwalimu walikuwa wamekusanyika barabarani karibu na ofisi ya uchaguzi, wamekasirika, wengine na fimbo. "Ni wale! Ni wale ndio waliotunyima!" Na ilikuwa siku ya mnada. Kutoka upande wa uwandani tuliona vumbi, na ndani ya vumbi Wabarabaig wanaleta ng'ombe wao, wanaume wachache na wanawake na madumu, wanakuja moja kwa moja kwetu, hawajui hata matokeo.

Mwalimu Safari akaja kwa miguu. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuniamkia hata.

"Fundi, nifungie honi moja."

"Mwalimu, betri imebaki kidogo."

"Nina maneno machache."

Nikaweka honi juu ya gari, nikamvuta mkono akapanda. Alipojaribu maiki watu wakageuka.

"Nimeshindwa mimi," akasema. "Hakuna kabila lililonishinda. Watu wamempenda mwenzangu kuliko mimi, na wana haki. Wekeni fimbo chini mwende nyumbani."

Kijana mmoja akampigia kelele kutoka chini, na machozi yalikuwa yanamtoka: "Mwalimu, kura zimekwisha! Sasa unamtetea nani, na hupati kitu?"

"Ndiyo maana nasema leo," akasema mwalimu. "Gitting mngeweza kudhani natafuta kura. Leo natafuta nini?"

Ng'ombe wa kwanza walikuwa wameshafika karibu kabisa, wamesimama, na wenye ng'ombe wamesimama nyuma yao wakitutazama, mikono imekaza fimbo. Barabara ilikuwa imejaa watu wetu toka ukingo hadi ukingo.

"Pisheni," akasema Mwalimu Safari kwenye maiki, sasa kwa sauti ya darasani, ile ambayo nusu yao waliijua tangu utoto. "Pisheni ng'ombe wapite."

Wakapisha.